Breki shuu mpya, gurudumu zito: jibu kwa dereva wa Soni

Swali limetoka kwa kijana wa bodaboda wa Soni, Lushoto, nami nimelifupisha: "Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ni ya 150, breki ya nyuma ni ya dramu. Nashusha karoti na kabichi Mombo, narudi na abiria. Tangu masika nimebadilisha breki shuu za nyuma mara tatu. Kila zikifungwa mpya gurudumu linakuwa zito, fundi ananiambia zitajikata zenyewe. Wiki ya kwanza hazishiki vizuri, baadaye zinaanza kulia, na muda si muda zimekwisha. Nataka nifunge mwenyewe. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kufunga mwenyewe usiogope. Kwa mtu anayeanza ni kazi ya saa mbili, na spana nyingi unazohitaji unazo tayari chini ya siti. Ila ukizifunga kama zilivyofungwa mara hizo tatu, utazibadilisha mara ya nne. Kwa maelezo yako, mimi naona shuu zinateseka kwa kosa la majirani zake wawili: dramu iliyolika na kemu isiyorudi. Hao hawakuguswa hata mara moja, ndiyo maana kila shuu mpya inakufa kifo kilekile.

Tuelewane kwanza kilichomo mle ndani. Sahani ya breki imebeba shuu mbili zenye umbo la nusu duara. Upande mmoja zote zimeegemea pini isiyosogea. Upande wa pili zimeibana kemu, kile kichuma bapa. Ukikanyaga pedeli, rodi inavuta mkono wa breki, mkono unaizungusha kemu, ubapa unasimama na kuzisukuma shuu zikasugue dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Ukiachia, springi mbili zinazirudisha shuu, na shuu ndizo zinazoilaza kemu. Hapo zingatia: hakuna kitu kingine chenye nguvu ya kuirudisha kemu ndani isipokuwa springi hizo. Kemu ikiwa na kutu au tope la masika kwenye tundu lake, springi hazitaiweza. Shuu zitabaki zimegusa dramu safari nzima, na wewe utadhani ni upya wake.

Kabla hujafungua chochote, fanya jaribio la dakika mbili. Weka stendi ya kati, chomoa rodi kwenye mkono wa breki, kisha sukuma mkono ule kwa kiganja na uuachie. Mkono mzima unarudi kwa kishindo, unasikia *tak*. Mkono mgonjwa unarudi polepole kama mzee anayejiinua kwenye mkeka, au unabakia pale ulipouacha. Sasa zungusha gurudumu, rodi ikiwa bado nje. Likiwa jepesi, basi fundi wako alikaza nati ya rodi kupita kiasi tu. Likiwa bado zito, ugonjwa uko ndani. Nina wasiwasi mkubwa kuwa wako uko ndani.

Tufungue. Toa nati ya kusetia breki, vuta rodi, kisha kirudishe kile kipini cha mviringo pamoja na springi yake kwenye rodi na uirudishe nati nyuzi mbili tatu, visipotee nyasini. Fuata fimbo ya chuma inayoishikilia sahani isizunguke: chomoa spliti pini, fungua nati yake. Halafu nati ya ekseli. Kabla ya kuvuta ekseli, tazama alama za ajasta za cheni ziko kwenye mstari wa ngapi kila upande, uziandike au upige picha kwa simu. Kwenye pikipiki nyingi za kazi, gurudumu linachomoka kwenye raba za habu (kitovu cha gurudumu, ndimo dramu ilimo) na sproketi inabaki na cheni yake, kwa hiyo huna haja ya kugusa cheni. Bushi inayodondoka ukivuta ekseli, kumbuka ilikaa upande gani na imetazama wapi.

Sahani isipotoka, usiipige nyundo. Dramu iliyotumika sana hujenga ukingo kwenye mdomo wake, pale shuu isipofika, na shuu hunasa hapo. Ulaze mkono wa breki mpaka mwisho upande wa kuachia, tikisa sahani huku na huku, itatoka.

Utaona vumbi jeusi. Hapa ndipo mafundi wengi wanainama na kufanya *fuuu*, au wanaleta pampu ya upepo. Usifanye hivyo, na usimruhusu mtu afanye hivyo karibu nawe. Lainingi (ile ngozi ya kusugulia iliyobandikwa kwenye shuu) za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na lainingi za bei ya chini zisizo na maelezo yoyote kwenye boksi huwezi kujua zina nini. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki, na saratani inayoletwa nalo inaweza kukupata baada ya miaka 20 au 30. Chukua maji yenye sabuni, lowesha vumbi likiwa palepale, lipanguse na kitambaa, kitambaa ukitupe. Ukimaliza, dramu iachie jua liikaushe.

Sasa kagua dramu, na hapa usiwe na haraka. Ndani yake au ukingoni utakuta maandishi yaliyosubiwa na kiwanda, neno MAX na namba ya milimita. Dramu ya milimita 130 kwa kawaida huandikwa MAX 131, na ile ya 110 huandikwa MAX 111. Maana yake kulika kunakoruhusiwa ni milimita 1 tu kwenye kipenyo chote. Kama huna venia (kipimo cha milimita), nenda kwa fundi wa leti, mashine ya kuchonga chuma, atakupimia kwa dakika moja. Pima mahali pawili au patatu, maana dramu huweza kulika ikawa kama yai, na hiyo ndiyo inayoifanya pedeli ipigepige mguuni unapokamata breki. Ikivuka namba ile, au ukiona ufa, usinunue shuu nyingine kabla ya habu.

Kwa nini namba ndogo hivyo ina maana kubwa? Shuu mpya imechongwa kwa duara la dramu mpya. Ukiiweka ndani ya dramu iliyopanuka, duara dogo linakaa ndani ya duara kubwa: shuu inagusa katikati tu, ncha zote mbili zinaelea. Ndiyo wiki yako ya kwanza isiyoshika. Nguvu yote ya mguu inakwenda kwenye kipande cha lainingi kisichozidi vidole viwili, kinapata moto, uso wake unaungua na kung'aa kama kioo. Kioo hakishiki, kinalia. Wewe unakanyaga zaidi, moto unazidi, na hapo ndipo zinapokwisha. Kuna na kinyume chake: shuu iliyochongwa vibaya, duara lake kubwa kuliko la dramu, inagusa kwa ncha mbili. Hiyo inanyakua ghafla na kupiga kelele tangu siku ya kwanza.

Utajuaje yako ni ipi? Kwa chaki ya shule. Paka chaki ndani ya dramu iliyokauka. Shika shuu moja mkononi, bila springi, ikandamize kwenye dramu na uisogeze mbele na nyuma mara tatu nne. Itoe uiangalie. Weupe umebaki wapi? Ukiona utepe mweupe kuanzia ncha hadi ncha, una bahati, au dramu yako bado nzima. Ukiona doa tu, hapo ndipo inapogusa. Weka msasa namba 80 ndani ya dramu, mgongo kwenye chuma na makali yakikutazama, usugulie shuu juu yake ili ipate duara la dramu hiyohiyo. Mikwaruzo kumi, chaki tena, angalia tena. Weupe ukifika robo tatu ya urefu wa lainingi, acha, usiimalize shuu kwa msasa. Fanya kazi hii umejifunga kitambaa kilicholowa puani na mdomoni, nje penye upepo, na lainingi yenyewe iwe na unyevunyevu. Halafu ncha zote mbili za lainingi zitie mteremko mdogo kwa tupa, kama milimita 3 hivi. Ncha kali ndiyo inayokwaruza na kupiga mluzi.

Hii ndiyo "kujikata zenyewe" anayoisema fundi wako, tofauti ni kwamba wewe unaifanya mezani, yeye anaiacha ifanyike kwenye kona za Soni ukiwa na kilo 100 za kabichi mgongoni.

Twende kwenye kemu. Ili uzitoe shuu kuukuu kwenye sahani, zishike zote mbili na uzikunje kuelekea kwako kama unavyofunga kitabu, zitaachia pini na kemu kwa pamoja. Angalia springi zimeshika matundu gani. Kisha tafuta kwenye mhimili wa kemu, pale mkono wa breki ulipovalishwa, alama ya nukta au mstari. Mkono nao una alama yake, na hizo mbili hutazamana. Kama hazitazamani, mtu ameshauhamisha mkono meno kadhaa mbele ili breki ya shuu zilizokwisha ionekane nzima. Kwa pikipiki yenye mshale wa kuonyesha shuu zimefika wapi, ujanja huo unawafumba macho wote wanaokuja baadaye, pamoja na wewe. Rudisha alama mahali pake.

Fungua bolti ndogo ya mkono ukaitoa kabisa, maana imepita kwenye mfereji wa mhimili, kulegeza tu hakutoshi. Chomoa kemu. Naweza kukuapia itatoka na uji wa kahawia. Sugua mhimili kwa msasa laini mpaka ung'ae, safisha tundu kwa kitambaa kilichosokotwa. Kemu ikicheza sana ndani ya tundu lake, shuu zitakaa upande na lainingi italika mshazari, ukingo mmoja umekwisha na wa pili mzima. Zitazame shuu zako kuukuu kama zina dalili hiyo. Upande wa kemu kulika zaidi kuliko upande wa pini ni kawaida, kwa kuwa ndio unaotembea safari ndefu.

Grisi sasa. Ya kustahimili joto, ile ya beringi inafaa, na kidogo tu: ukungu kwenye mhimili, tone la ukubwa wa punje ya mchele kwenye kila uso wa kemu, na jingine kwenye pini. Nakusisitizia neno kidogo kwa sababu nilipokuwa najifunza gereji Korogwe nilimfungia mteja breki nikaipaka kemu kama napaka mkate siagi. Nilijiona fundi makini. Jioni alirudi anaisukuma pikipiki; grisi ilipata moto ikayeyuka, ikatiririka kwenye lainingi, na yeye alisimama kwa kuuegemea ukingo wa barabara na mguu. Shuu zilizokuwa na umri wa saa sita nilizinunua tena kwa posho yangu. Lainingi ikishanywa grisi haisafishiki, hata uichome petroli. Na ukikuta grisi kwenye dramu kabla hujaweka yoyote, inatoka kwenye beringi, kwa hiyo badilisha sili kwanza.

Shuu zenyewe: zilaze mpya na kuukuu mgongo kwa mgongo ulinganishe urefu, upana, tundu la pini na ubapa wa upande wa kemu. Kwenye ubapa huo angalia kama fundi wa nyuma aliweka kipande cha bati, lile la kopo, kuziongezea shuu zilizokwisha siku chache. Likibaki na shuu mpya, gurudumu litakuwa zito siku zote. Na shuu zilizokwisha zikitiwa bati huweza kuifikisha kemu pabaya: inazunguka hadi inasimama wima kabisa na hairudi, gurudumu linafunga. Lainingi ikibaki milimita 2, ibadilishe.

Springi nunua mpya, bei yake ni ndogo. Springi iliyochoka utaijua kwa kuitazama ikiwa imelala mezani: kati ya pete na pete mwanga unapita.

Kufunga ni kinyume cha kufungua. Unganisha shuu mbili kwa springi zote zikiwa nje, zikunje kama kitabu kilichofunguliwa nusu, tia ncha kwenye pini na kemu iliyolala, kisha kandamiza mbavu zote mbili chini mpaka zilale. Vaa glovu au tumia kitambaa, springi ikiponyoka inauma vibaya. Zikishalala, sukuma mkono wa breki: *tak*. Usiposikia, usiendelee.

Ingiza sahani kwenye dramu ikiwa bado chini na uizungushe kwa mkono. Inatakiwa izunguke, hata kama inagusa kidogo hapa na pale. Rudisha gurudumu, ekseli, bushi, fimbo ya kushikilia sahani, nati zote zikiwa zimeshikwa na vidole tu. Unganisha rodi. Sasa mwite mtu, au tumia mguu wako mwenyewe: kanyaga pedeli kwa nguvu na usiachie, na huku imekanyagwa kaza nati ya ekseli. Shuu zikibana dramu zinaisogeza sahani ikae katikati barabara. Wanaoruka hatua hii, na ni wengi, wanaiacha sahani imekaa kombo tundu lilipoipeleka, kisha shuu moja inafanya kazi ya mbili. Alama za ajasta ziwe vilevile ulivyoziandika.

Nati ya fimbo ya kushikilia sahani kaza na utie spliti pini mpya. Si waya, si msumari. Fimbo ile ikiachia, mara ya kwanza utakapokamata breki sahani yote itazunguka na gurudumu, itaikunja rodi, na gurudumu la nyuma litafunga papo hapo. Nimeona rodi iliyokunjwa hivyo ikawa kama ndoano. Ukija kufungua breki ya mbele siku nyingine, mle hamna fimbo, kuna mfereji kwenye sahani unaoingia kwenye nundu ya shoki. Hakikisha nundu imeingia kabisa kabla ya kukaza.

Seti pedeli icheze milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kukamata. Nati ya rodi ina kibonde kinachokaa juu ya kile kipini cha mviringo, kwa hiyo iishie kwenye kibonde, isiishie kwenye mgongo, la sivyo baada ya kukanyaga mara mbili itajiseti upya yenyewe. Na taa ya breki: ikiwa inawaka kabla hujakanyaga au inachelewa, geuza nati ya swichi yake, usigeuze swichi yenyewe ukakata nyaya.

Siku ya kwanza usishuke na mzigo. Tafuta barabara tambarare, nenda spidi 40, kamata taratibu hadi 10, achia, tembea mita 200 au 300 ipoe, rudia mara 20 au 30. Ukikamata kwa nguvu kabla uso haujakaana na dramu, unaurudisha ule ugonjwa wa kioo.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na barabara inashuka zaidi ya mita 900. Pikipiki, wewe na mzigo mkiwa kilo 290, nguvu ya mteremko huo ikigeuka yote kuwa joto inatosha kuchemsha lita 7 za maji ya bombani. Madereva wengi wa huko juu wanatia fri, yaani gia huru, kuokoa petroli, na sehemu kubwa ya joto hilo inaishia kwenye dramu mbili zinazoingia kwenye sahani ya ugali. Dramu ikipata moto inapanuka na kuzikimbia shuu, pedeli inashuka chini zaidi, na lainingi yenyewe inapoteza mshiko. Wewe unatoka Soni, umbali wako ni pungufu, lakini kona ni zilezile. Shuka na gia ya pili au ya tatu, iachie injini ishike, breki iwe ya kukamata na kuachia kwa vipindi, na ya mbele itumie pamoja na ya nyuma, kwa kuwa ukishuka uzito mwingi umeegemea mbele. Mguu usipumzike juu ya pedeli.

Baada ya kufunga, endesha kilomita 5 mahali tambarare bila kugusa breki ya nyuma, simama kwa breki ya mbele, uguse habu ya nyuma kwa nyuma ya vidole. Ikiwa baridi au vuguvugu, umefunga vizuri. Ikikuunguza, rudi kwenye mkono wa breki usikilize ile *tak*. Ukiipima dramu ukakuta imevuka namba ya MAX, niandikie namba uliyoipata pamoja na ile iliyosubiwa, nikuambie kama utafute habu nzima au gurudumu lililokamilika, maana kwa rimu za spoki na rimu za kumwaga jibu ni tofauti.